Nilitikisa kichwa kama nimeelewa

Dada, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima.

Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Makorora hapa Tanga. Nauza dagaa. Alfajiri niko Deep Sea nasubiri boti, nanunua kwa ndoo, nachemsha, naanika, na waliokauka nawapeleka kwa wateja wangu wa Muheza na Korogwe. Nina watoto watatu. Baba yao yupo, ila kazi zake ni za msimu. Shule niliishia darasa la saba.

Tuna kikoba chetu cha akina mama 28, tunakutana kila Alhamisi. Sanduku lina kufuli tatu, na mimi ndiye mshika ufunguo wa pili. Hisa moja ni shilingi 10,000, na mtu haruhusiwi kuzidisha hisa tano kwa wiki. Mwaka huu nimejikaza hadi nimefikisha hisa 210. Katikati ya Desemba tunavunja, yaani tunagawana kilichomo. Katibu ameshapiga hesabu: hisa za wote ni 2,800, na sandukuni, madeni yakisharudi, zitakuwemo 32,200,000.

Sasa dada, Septemba walikuja vijana wawili nadhifu kutufundisha mambo ya uwekezaji. Walisema hatifungani, ukwasi, gawio, thamani halisi ya kipande, na mengine yamenitoka. Mwisho wakauliza, "Tumeelewana, akina mama?" Tukaitikia wote. Mimi nilitikisa kichwa kuliko wenzangu, maana niliona mshika ufunguo hawezi kuonekana hajui. Nilirudi nyumbani bila hata neno moja.

Na si mara ya kwanza. Agosti dagaa walikuwa wengi na mtaji wangu haukutosha, nikakopa milioni moja kwa mkopeshaji mmoja hapa mjini. Aliniambia riba ni asilimia kumi, miezi sita. Nikahesabu kichwani: asilimia kumi ya milioni ni laki moja, si mbaya. Nikasaini. Mwezi ulipofika nikaambiwa rejesho ni 266,700. Ndipo nikajua ile kumi ni ya kila mwezi. Nimeshalipa mara tatu, imebaki Desemba, Januari na Februari. Mume wangu anajua nimekopa, hajui kiasi.

Mpwa wangu aliyesoma chuo anasema pesa ya kikoba nikanunue hatifungani za serikali. Kaka yangu anasema hisa. Jirani amenionyesha kundi la WhatsApp, unaweka laki tano inarudi milioni ndani ya siku 30, na yeye ameshapokea mara moja. Shoga yangu anasema yote hayo ni riba, na mimi Muislamu nikae mbali. Januari nahitaji laki tatu za shule, na mtaji wa dagaa usishuke chini ya laki sita, kwa sababu mbalamwezi likiisha boti zikarudi na mzigo, asiye na pesa mkononi anabaki kuangalia.

Naona haya kuuliza maana ya maneno mbele za watu. Nianzie wapi kujifunza? Na hii pesa niipeleke wapi?

Mshika Ufunguo wa Pili
Makorora, Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu, kwa sababu umeniandikia tarakimu. Mtu anayejua hisa zake, hisa za wenzake na kilichomo sandukuni hadi laki ya mwisho, hesabu hazijamshinda. Kilichotokea ni kwamba watu wamekuletea ndoo zilizofunikwa na kukutaka ukubali mzigo bila kuinua kifuniko. Pale Deep Sea hungekubali hata siku moja. Ungefunua, ungechota kiganja, ungenusa, ungeingiza mkono hadi chini kuona kama wa chini ni sawa na wa juu. Basi na maneno haya tuyafanyie hivyo hivyo.

Nilikaa nyuma ya kioo cha benki miaka 19. Nimeona walimu, wauguzi na manahodha wakitikisa kichwa kama wewe, kisha wakasaini. Haya ya kuuliza haichagui darasa la saba. Wenye shahada ndio wagumu zaidi, maana wanaona wana kingi cha kupoteza wakionekana hawajui.

Na maneno yenyewe mengi ni yetu watu wa pwani. Hisa ni fungu. Ndilo neno unalolisikia mirathi ikigawiwa. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze. Rehani bibi zetu waliijua walipopeleka mkufu kwa mwenye duka wakati wa shida. Gawio limetokana na kugawa. Rasilimali ilishuka na majahazi, kwa Kiarabu ni kichwa cha mali. Hao vijana wametumia maneno yenu kwa kazi ambazo hamkuzizoea, wakasahau kuzieleza.

Tuanze na sanduku lenu, kwa sababu nusu ya somo imo humo.

Chukua 32,200,000 ugawe kwa hisa 2,800. Unapata 11,500. Ina maana kila hisa iliyoingia kwa 10,000 leo ina thamani ya 11,500. Basi umeshajua thamani halisi ya kipande. Ni hiyo tu: vyote vilivyomo, ukitoa kile ambacho mfuko wenyewe unadaiwa, ugawe kwa idadi ya mafungu. Hisa zako 210 ukizizidisha kwa 11,500 ni 2,415,000. Ulitoa 2,100,000. Tofauti yake, 315,000, ndiyo faida, na ni shilingi 15 kwa kila 100 uliyoweka, yaani asilimia 15. Tena hisa ya Januari imefanya kazi mwaka mzima na ya Novemba imefanya wiki chache, kwa hiyo pesa yenu imezunguka vizuri kuliko hiyo 15 inavyoonyesha.

Sasa jiulize: hiyo 315,000 imetoka mfukoni mwa nani? Imetoka kwa mwenzio aliyekopa akaongeza mtaji wa maandazi, kwa aliyechelewa kikao akapigwa faini, na sehemu imetoka kwako mwenyewe kila ulipokopa. Unawajua kwa majina. Ukienda popote na pesa yako, liulize swali hilo kabla ya jingine lolote: nani atakayelipa faida yangu, na yeye ataipata wapi? Ukipata jibu unaloweza kumweleza mwanao wa darasa la tano, umeelewa bidhaa hiyo hata kama jina lake limekushinda kutamka.

Kwa hiyo hisa ya kikoba na ile hisa anayoisema kaka yako ni jina moja, watu wawili. Ya kikoba mnavunja kila mwaka, unapewa fungu lako unaondoka. Hisa ya kampuni ni umiliki. Ukipanda gari kwenda Muheza unapita Pongwe, unakiona kiwanda cha saruji. Hisa za kampuni ile ziliorodheshwa mwaka 2002 kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, soko ambalo lilianza biashara mwaka 1998. Mwenye hisa moja ya kampuni ni mmiliki mwenza wake, hata kama sehemu yake haizidi chembe kwenye mfuko wa saruji. Kampuni ikipata faida inaweza kugawa kiasi, hilo ndilo gawio, na inaweza pia kuamua mwaka huu hatugawi. Bei ya hisa inapanda na kushuka. Hakuna aliyekuahidi kukurudishia ulichotoa. Ukitaka kutoka, unamtafuta mnunuzi kupitia dalali wa hisa aliyesajiliwa, na siku hiyo utauza kwa bei ya siku hiyo. Kaka yako hajakosea kupenda hisa. Swali ni kama pesa yako inaweza kukaa miaka bila kuguswa.

Hatifungani ni upande wa pili kabisa. Hapa humiliki kitu, umekopesha. Wewe ndiye mkopeshaji, na hati ndiyo inayomfunga mkopaji akulipe. Tena mfano mzuri uko hapo hapo kwenu. Februari 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua na kuboresha miundombinu ya maji. Muda wake miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Yaani mamlaka ilisimama mbele ya watu ikasema: tukopesheni. Milioni moja kwa riba hiyo inazaa 135,000 kwa mwaka, na muda wa hati ukiisha mwenye nayo anakuwa amerudishiwa milioni yake. Watu wa fedha wanasema hati imeiva. Na nani anayelipa? Wewe, mdogo wangu, kila unapolipa ankara ya maji. Ukifungua bomba kesho asubuhi kuosha masufuria ya dagaa, ujue mapato ya maji ndiyo yanayomlipa mwenye hati. Neno uliloliogopa Septemba lilikuwa limeshapita kwenye bomba lako.

Hatifungani za serikali anazozisema mpwa wako ni jambo lile lile, ila mkopaji ni serikali, na mnada unaendeshwa na Benki Kuu. Zipo za miaka 2, 5, 10, hadi 25. Riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Kiwango cha chini kuingia ni milioni moja. Ikishikwa na mtu mwenye subira ni kitu kizuri, maana serikali ikikopa kwa shilingi zake yenyewe si mkopaji wa kukimbia usiku. Lakini kuna jambo ambalo mpwa wako huenda hakulisema: ukihitaji pesa kabla ya hati kuiva, huendi dirishani kuidai. Unaiuza sokoni kwa mtu mwingine, na bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia.

Hapo ndipo linaingia neno ukwasi. Mitaani mkwasi ni tajiri. Kwa watu wa fedha, ukwasi ni wepesi wa mali kugeuka pesa taslimu bila kupata hasara. Kiwanja cha Mwahako kinaweza kuwa na thamani kubwa na ukwasi mdogo: una mali, lakini mtoto akilazwa Bombo leo usiku hakikusaidii. Pesa ya kwenye fundo la kanga ina ukwasi wote, na haizai. Wewe hili unalijua kuliko vijana wale. Mwezi unapokuwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, boti zinakaa, unakula akiba. Giza likirudi mzigo unashuka ghafla, na mwenye pesa siku ile ndiye anayenunua kwa bei nzuri. Biashara yako inaishi kwa ukwasi. Ukizifungia laki sita zako ndani ya hati ya miaka 25, utakuwa umejifunga wewe.

Vipande sitavisemea sana, kwa sababu mmeshavichezea kikobani. Watu wengi wanachanga kwenye mfuko mmoja, wataalamu wanaununulia mfuko huo hatifungani, hisa au amana za benki, na kila mtu anamiliki vipande kwa kadiri ya alichoweka. Nchini kwetu mfuko wa kwanza wa namna hii uliofunguliwa kwa umma ulikuwa Mfuko wa Umoja, mwaka 2005, na sasa UTT AMIS inaendesha mifuko kadhaa, ukiwamo unaoitwa Mfuko wa Ukwasi. Jina hilo sasa halikutishi: ni mfuko ambao ukiomba pesa yako unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Tofauti na kikoba ni kwamba hamkutani Alhamisi na hushiki ufunguo. Ufunguo wako ni leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana na taarifa za mfuko zinazotangazwa kwa umma.

Sasa ule mkopo. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu iliyokuuma.

Ulisikia "asilimia kumi" na kichwa chako kikapiga hesabu sahihi. Ila sentensi ya riba ina vipande vitatu, na wewe ulipewa kimoja: asilimia ngapi, kwa muda gani, na juu ya kiasi kipi. Kwa muda gani, jibu lilikuwa kila mwezi. Juu ya kiasi kipi, jibu lilikuwa juu ya milioni yote mwanzo hadi mwisho, hata baada ya wewe kuanza kuipunguza. Laki moja mara miezi sita ni laki sita. Jumla unalipa 1,600,000, ukigawa kwa sita ni zile 266,700 zako, ukiondoa shilingi chache za kukadiria. Kama kumi hiyo hiyo ingetozwa juu ya salio linalobaki kila mwezi, riba yote ingekuwa 350,000. Tarakimu ile ile, kumi na kumi, na kati yake umepoteza robo milioni. Nimeziandika kwa mkono mstari kwa mstari kabla ya kukujibu, na nakuomba nawe uziandike: mwezi wa kwanza salio milioni moja, riba laki, mwezi wa pili salio 833,333, riba 83,333, endelea hivyo hadi wa sita. Ukimaliza karatasi hiyo, hakuna mkopeshaji atakayekuzungusha tena na neno riba.

Tena sikiliza. Wakopeshaji wasiopokea amana wako chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wako, hata kwa kuhesabu juu ya milioni yote, hiyo ni 210,000 kwa miezi sita. Wewe unatozwa 600,000. Hii ndiyo mikopo watu wanayoiita kausha damu, na jina limewafaa. Nenda na mkataba wako, nakala mkononi. Muulize kwa upole, mbele ya shahidi: leseni yenu ni namba ngapi, na nikimaliza deni lote Desemba mtanipunguzia riba ya Januari na Februari? Omba jibu kwa maandishi. Akigoma kuonyesha leseni, malalamiko yako yapeleke Benki Kuu, ambayo hupokea malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Ukiona ugumu kuanza, pitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya Jiji wakuelekeze.

Na nikuonye: kama hatapunguza hata senti, kulipa mapema hakukuokolei kitu. Wengi hukimbilia kumaliza deni kwa kudhani riba itakatika, kumbe mkataba unasema riba yote inadaiwa hata ukimaliza kesho. Katika hali hiyo pesa ya marejesho iweke pembeni ulipe kwa tarehe.

Mumeo mwambie. Mwambie kabla ya Desemba, ukiwa na ile karatasi ya hesabu mkononi, ili aone ulivyonaswa na unavyojinasua. Deni la laki nane analolijua ni jepesi kuliko laki tatu atakayoisikia kwa jirani.

Sasa tugawe 2,415,000. Toa laki nane za mkopo, inabaki 1,615,000. Toa laki sita za mtaji, inabaki 1,015,000. Toa laki tatu za shule, inabaki 715,000. Umeona? Ubishi wa mpwa na kaka umeishia hapo. Hatifungani za serikali zinaanzia milioni moja, na pesa yako iliyo huru ni 715,000. Tena hata hiyo haijawa huru yote, kwa sababu hujaniambia ukiugua wiki tatu mtakula nini. Kikobani mna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Nyumbani kwako uwepo pia.

Ningekuwa mimi, ningeiweka karibu yote mahali penye ukwasi, panapozaa kidogo. Inaweza kuwa vipande vya mfuko kama ule niliousema, au akaunti ya benki. Benki ina jambo lake zuri: Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwenye akaunti hadi shilingi 7,500,000 benki ikianguka. Ila ukiweka kwenye akaunti ya muda maalumu piga hesabu hadi mwisho. Tuseme riba asilimia 8. Kwa laki saba ni 56,000 kwa mwaka. Kodi inakata sehemu ya kumi ya riba, 5,600, unabaki na 50,400. Halafu kuna mfumuko wa bei, ambao mwaka 2023 na 2024 ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4 kwa nchi nzima. Tukichukua 3, laki saba zako zinahitaji kukua kwa 21,000 ili zinunue mafuta na unga ule ule wa mwaka jana. Kilichokua kweli ni kama 29,400. Ni kidogo, lakini ni cha kweli. Hisa na hatifungani zitakuja ukishakaa mwaka mmoja bila deni, na utakapofika hapo maneno utakuwa nayo.

Kuhusu shoga yako: ana hoja, usimpuuze. Hatifungani za kawaida na akaunti ya muda maalumu zinalipa riba, na hata mfuko wa vipande ukinunua hati hizo umo ndani yake. Mkopo wako ni riba tupu, na zile riba za mikopo kikobani nazo zinaulizika. Gawio la hisa ni sehemu ya faida ya biashara, na hapo wanazuoni huangalia kampuni inafanya nini. Zipo benki zinazofuata sharia, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011. Huko utasikia neno mudharaba: wewe unatoa pesa, mwenzio anatoa kazi, faida mnagawana kwa sehemu mliyokubaliana mwanzo, si asilimia ya kudumu ya ulichoweka. Zipo pia sukuk, hati zilizotengenezwa kwa misingi hiyo. Hukumu ni ya sheikh wako, si yangu. Ila ukienda kumuuliza, mpelekee jambo likiwa limefunuliwa: nani analipa, kutoka wapi, na ameahidi nini.

Kundi la WhatsApp: hapana. Jirani yako amelipwa kwa laki tano ya mtu aliyeingia baada yake. Uliza nani analipa na inatoka wapi, utaona hakuna kiwanda, hakuna maji, hakuna hata mama wa maandazi. Inanisikitisha kwamba watu hao wanaliita upatu. Upatu wa mama zetu ulikuwa wa watu wanaojuana, kila mmoja na zamu yake, na neno lenyewe ni sinia la shaba lililopigwa kwenye ngoma watu wakitia tuzo. Unaofanywa sasa ni kosa mbele ya sheria. Kama jirani bado ana pesa humo, mwambie atoe leo anachoweza.

Uliniuliza uanzie wapi kujifunza. Chukua daftari lako la kikoba, lile lenye mihuri ya hisa, ligeuze uanzie nyuma. Neno moja kwa wiki. Liandike juu, na chini yake sentensi moja yenye pesa yako na tarakimu zako. Usinakili maana kutoka kwa mtu. Kwa "ukwasi" andika jambo la mbalamwezi. Kwa "rejesho" andika 266,700. Neno ambalo huwezi kuliwekea tarakimu yako mwenyewe, hilo bado hujalijua, na kitu chenye jina hilo usikisaini.

Na Alhamisi hii, kabla hamjafungua sanduku, waombe wenzio dakika kumi. Wafanyie ile hesabu ya 32,200,000 kwa 2,800 kwa sauti, waambie ndiyo thamani halisi ya kipande waliyoisema wale vijana. Nina hakika kati ya mama 28 hukuwa peke yako uliyeitikia bila kuelewa. Vijana wakirudi, wapokeeni, ila kabla hawajaanza waambieni kila neno jipya walitolee mfano wa sanduku lenu.

Ukipata jibu la mkopeshaji kwa maandishi, lipige picha unitumie kabla hujalipa rejesho la Desemba. Ficha jina lako na lake. Nataka kuona wameandikaje sentensi ya riba.